Kufungua Mombasa tena: kwa saa, kwa idadi, kwa eneo, kwa mgeni au nje kwanza?

Mwisho wa Julai 2024, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, kule Taita Taveta, mtu wa kwanza kunipigia simu hakuniuliza habari za afya. Aliniuliza kama yale mabenchi bado ninayo. Ni jirani yangu wa zamani pale Mwembe Tayari. Yeye anauza chapati na maharagwe, nami mwaka ule wa korona nilikuwa na kimkahawa cha chai, mahamri na mbaazi, mlango wa tatu kutoka kwake. Wateja wetu wakubwa walikuwa abiria wa mabasi ya bara.

Mpox haikutufungia chochote, ila swali lake lilinikaa kichwani. Tukifungwa tena, siku ya kufunguliwa tutataka tufunguliwe vipi? Mwaka 2020 hatukuulizwa. Baadaye tulipokaa vikao vya mtaani, kila aliyesimama alisema "tufungue polepole", akashangiliwa, akakaa. Lakini polepole kwa kipimo gani? Unaweza kufungua kwa saa, kwa idadi ya watu, kwa eneo, kwa kuchagua nani aje kwanza, au kwa kuanza na biashara zilizo nje kwenye hewa. Kila njia ina mtu inayembeba na mtu inayemzika. Mombasa tulionja nne za kwanza. Ya tano tuliifunga kufuli, na nasema mapema kwamba hiyo ndiyo ninayoipenda, usije ukasoma ukidhani sina upande.

Kwa saa

Kafyu ilianza Ijumaa, 27 Machi 2020: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa serikali hakuna njia rahisi kuliko hii. Tangazo moja, saa moja, gari la polisi. Mwenye duka naye hahitaji kupima ukumbi wala kuhesabu vichwa.

Tatizo ni kwamba ukipunguza saa hupunguzi watu, unawabana. Siku hiyohiyo ya kwanza watu waliotoka kazini kisiwani walikimbilia kivuko cha Likoni wawahi kuvuka kabla ya saa moja. Feri ile hubeba zaidi ya watu laki tatu kwa siku. Umati ukajaa, vitoza machozi vikafyatuliwa, watu wakapigwa, wakasukumana na kukoholeana. Amri iliyotolewa ili watu wasikaribiane iliwapakia pamoja kuliko siku yoyote ya kawaida.

Halafu ikaja ile ya mikahawa. Kuanzia 27 Aprili 2020 tuliruhusiwa kufungua, wafanyakazi wakishapimwa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi jioni. Tazama kalenda ya mwaka ule: Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Mombasa! Saa zote tulizoruhusiwa kuuza ni saa ambazo nusu ya mtaa imefunga saumu. Adhana ya alasiri ikilia ndipo karai za sambusa na kaimati huingia motoni, ndipo watoto hutumwa na bakuli kufuata mbaazi za futari. Na saa kumi sisi tunashusha mlango. Magharibi inaingia karibu saa kumi na mbili na robo, na saa moja kila mtu awe kwake. Mimi nilifungua siku nne, siku ya tano nikahesabu mahamri yaliyolala, nikafunga mwenyewe bila kuamrishwa na mtu. Aliyepanga saa zile alikuwa akifikiria chakula cha mchana cha ofisini. Nairobi huenda zilifaa.

Zilikuja kulegezwa na kukazwa mara nyingi. Mwezi wa Juni kafyu ikasogea hadi saa tatu usiku. Mwisho wa Julai baa zikafungwa, pombe ikapigwa marufuku mikahawani, na mikahawa ikatakiwa ifunge saa moja usiku. Mwisho wa Septemba kafyu ikawa saa tano, Novemba ikarudi saa nne. Iliondolewa kabisa tarehe 20 Oktoba 2021, karibu miezi kumi na tisa baada ya kuanza. Muuza mishkaki ambaye biashara yake huanza saa mbili usiku hakuwa na "awamu ya kwanza" wala "ya pili". Yeye alifungwa tu.

Anayepona kwa njia hii ni hoteli ya ufuoni, maana mgeni wake analala humohumo. Kafyu ikipiga, anahamia kiti cha pembeni na bilauri yake. Njia hii ningeiacha kwa disko na vilabu vya usiku, ambako watu wakishalewa hawapimi tena mita moja na nusu. Kwingine hapana.

Kwa idadi

Kanuni ya mikahawa ilikuwa wateja wanne kwa kila mita kumi za mraba, meza zikiachana mita moja na nusu. Chumba chetu kilikuwa mita tano kwa sita. Fanya hesabu: mita 30 za mraba, wateja 12. Kabla ya hapo nilikuwa nakalisha 30 wakibanana kidogo, na asubuhi ya basi la bara hata zaidi. Kodi haikupungua kufika 12.

Hapa ndipo unaona idadi haiwaumizi wote sawasawa. Chai na mahamri mawili ni biashara ya wingi: faida iko kwenye watu mia, haiko kwenye mtu mmoja. Hoteli kubwa ya Nyali inayouza chumba kwa maelfu inaweza kukaa na nusu ya wageni kwa msimu mzima na bado ikalipa umeme. Mkahawa wa Mwembe Tayari ukikaa na chini ya nusu unakula mtaji. Kwa hiyo mtu akikwambia "tuanze na asilimia hamsini", muulize ya nini.

Lakini idadi ina ubora ambao saa hazina: inapunguza watu kwelikweli, pale panapohesabika. Matatu ya watu 14 ilibeba 8, na yeyote aliyesimama barabarani aliona kama sheria imefuatwa. Nauli ilipanda, ndiyo, tukanung'unika hadi Agosti 2021 matatu ziliporuhusiwa kujaza tena, ila kanuni ilieleweka. Treni ya SGR iliporudi Julai 2020 viti viliachwa wazi katikati. Penye mlango mmoja na kiti chenye namba, njia hii inafanya kazi.

Penye milango kumi haifanyi. Nenda soko la Kongowea alfajiri lori la viazi linaposhusha mzigo, uniambie utasimama wapi na daftari lako la kuhesabu.

Na pale mlangoni kulikuwa na michezo mingi ya kujipa moyo. Sisi tulikuwa na jerikeni ya lita ishirini yenye koki, sabuni ya mche imefungwa kwenye wavu wa vitunguu ili isiibwe, na kile kipima joto cha bastola nilichouziwa bei ya kuumiza. Siku moja nikampima mzee mmoja mteja wetu wa miaka, kikasoma 31. Nikampima tena: 31 na nusu. Akacheka, "Mwanangu, basi nizikeni kabisa." Nikaendelea kukitumia miezi mitatu zaidi, maana mkaguzi akipita alitaka kukiona, hakutaka kujua kinasoma nini. Jerikeni ile angalau ilinawisha mikono.

Kwa eneo

Hii niipite haraka, maana kwa mji wetu naiona mbovu, ingawa kwa karatasi inapendeza: funga penye wagonjwa wengi, fungua pengine.

Kaunti ya Mombasa ilifungwa watu wasiingie wala kutoka tangu 8 Aprili 2020 hadi 7 Julai. Ndani yake, Mji wa Kale ukafungiwa peke yake tangu 6 Mei, siku moja na Eastleigh ya Nairobi, kwa siku 15 zilizoongezwa hadi mwanzo wa Juni. Masoko na mikahawa ya humo ikafungwa kabisa. Sasa, Mji wa Kale hauna ukuta. Vichochoro vyake vinatokea Marikiti na Makadara, na watu wake wana mashemeji kila upande. Kilichofungwa kwelikweli ni jina la mtaa: kwa miezi baadaye, ukisema watoka Mji wa Kale, mtu anarudi nyuma hatua moja.

Kioja kingine kilikuwa Juni. Kilifi na Kwale zilifunguliwa, Mombasa ikabaki imefungwa. Kwa hiyo Diani ilikuwa wazi kwa wageni, ila reli, uwanja mkubwa wa ndege na kivuko cha Likoni vyote viko ndani ya kaunti iliyofungwa. Umefungua chumba, ukakalia ufunguo wa sebule.

Wapo wanaotoa mfano wa Phuket, kisiwa cha Thailand kilichofunguliwa 1 Julai 2021 kwa wageni waliochanjwa kikamilifu, wakitakiwa kukaa kisiwani siku 14 kabla ya kwenda kwingine nchini. Mfano mzuri, kwa kisiwa kinachoishi kwa watalii. Mombasa ni kisiwa chenye bandari inayolisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na zaidi. Huwezi kufunga Makupa, njia ya kutoka kisiwani kwenda bara, ukaacha malori yapite, ukasema kisiwa kimefungwa.

Kwa mgeni

Ratiba ya Julai 2020 ilifuata njia hii. Tarehe 7 barabara zikafunguliwa, 13 treni ya abiria, 15 ndege za ndani, na 1 Agosti ndege za kimataifa. Mgeni wa nje alitakiwa awe na cheti cha kipimo cha PCR kilichofanywa ndani ya saa 96 kabla ya kusafiri. Yaani Mkenya kwanza, Mzungu baadaye.

Majirani zetu walifanya kinyume. Tanzania ilifungua anga 18 Mei 2020, Zanzibar ikaanza kuita wageni wakati sisi bado tumefungwa na kafyu. Wenye hoteli hapa waliuma vidole. Mimi nawaelewa, lakini Tanzania ilikuwa imeacha kutoa hesabu za wagonjwa tangu mwisho wa Aprili, na kufungua bila kuhesabu si njia ya polepole hata kidogo, kwa hiyo siiweki kwenye mizani hii. Labda ililipa. Kwa gharama gani, hapakuwa na daftari la kufungulia.

Njia ya mgeni wa ndani kwanza iliokoa Pwani, hilo sina ubishi nalo. Hoteli zilizokuwa zikihesabu euro zikajifunza kuuza wikendi: mtu anashuka SGR Ijumaa usiku, Jumapili jioni anarudi zake. Ila inabadilisha nani anakula. Mgeni wa bara hanunui kinyago. Ananunua mhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, dafu, achari, mabuyu ya kupeleka nyumbani, na picha juu ya ngamia. Kwa hiyo muuza mhogo wa Lighthouse alianza kupumua, wakati wachonga vinyago wa Changamwe na vijana wa kuuza safari ufuoni walibaki wakitazama angani. Ukichagua njia hii, jua kwamba msaada wowote ulio nao upeleke kwa hao wa pili, maana wa kwanza watajinyanyua.

Kasoro yake kubwa kwangu ilikuwa mwendo. Virusi vya korona vinaweza kujificha mwilini hadi siku 14. Kati ya barabara na ndege za ndani ziliwekwa siku nane. Hatua ya pili ilichukuliwa kabla ya ile ya kwanza kuonyesha ilichozaa. Na siku 20 baada ya barabara kufunguliwa, 27 Julai, ndipo zile baa zikafungwa na pombe ikapigwa marufuku. Nani aliadhibiwa kwa kosa la nani, huwezi kujua, kwa sababu hatua zilipandana.

Nje kwanza

Machi 2020 fuo za umma zilifungwa. Watu walifukuzwa mchangani Pirates na Nyali, kweupe, upepo ukivuma. Mwisho wa Aprili vyumba vyetu vyenye kuta nne na feni moja ya darini vikaruhusiwa kukalisha watu. Ufuo ukabaki na kufuli. Yaani tulifunga upepo tukafungua vyumba.

Julai, wiki ileile Rais Kenyatta alipotangaza kufungua kaunti, wanasayansi 239 walitoa barua ya wazi wakilitaka Shirika la Afya Duniani likubali kwamba korona huelea hewani ndani ya majengo. Mfano uliokuwa ukizungumzwa sana ulikuwa mkahawa mmoja wa Guangzhou, Uchina: Januari 2020, familia tatu kwenye meza zilizokaribiana, ukumbi hauna dirisha, kiyoyozi kinazungusha hewa ileile, watu kumi wa familia hizo wakaugua. Mtu wa Mombasa hahitaji kusomeshwa sana hilo. Nyumba za zamani hapa zilijengwa na ua katikati na baraza mbele kwa sababu bibi zetu walijua chumba kisichopitisha hewa ni ugonjwa.

Nami nilijaribu. Julai ile kusi ilikuwa kali, vumbi la Mwembe Tayari linaruka, nikatoa mabenchi mawili nikayaweka chini ya mwarobaini, nikachora alama za X kwa chokaa wapi mtu akae. Watu wakayapenda kuliko ndani. Siku ya tatu akaja jamaa mwenye sare.

"Ami, rudisha viti ndani. Hii ni njia ya watu."

"Ndani naruhusiwa wangapi?"

"Kumi na wawili. Si ndivyo mlivyoambiwa?"

"Na hapa nje, wanne tu?"

"Nje hairuhusiwi."

Nikamkaribisha chai. Aliinywa amesimama nje, barakoa imeshuka kidevuni, akisema humo ndani mna joto. Nikarudisha mabenchi.

Njia hii ina taabu zake, nisije nikaonekana nauza dawa. Masika hunyesha kuanzia Aprili hadi Juni. Mwaka 2020 ungeniambia nikae nje mwezi wa Mei ningekuuliza mwavuli uko wapi. Jua la saa saba halina huruma. Kunguru wa mji huu wanajua mahamri kuliko wewe, na ukigeuka kidogo ameshapaa nayo. Na nje pia hujaa: ufuo wa Pirates siku ya mwaka mpya, watu bega kwa bega, ni nje kwa jina. Kwa hiyo nje inataka idadi iende nayo pamoja, na inataka serikali ya mtaa ikubali kutoa sehemu ya barabara, jambo ambalo kwetu ni gumu kuliko chanjo.

Lakini tazama inavyovigawa vivutio vyenyewe, jambo ambalo njia nyingine haziwezi. Fort Jesus, ile ngome Wareno waliyoijenga 1593 hadi 1596, ni sehemu mbili: kuta na ua mpana uliofunguka juu, na ukumbi wa maonyesho uliofungwa. Kwa saa au kwa eneo unaifungua yote au unaifunga yote. Kwa njia ya nje kwanza, ua na ngazi za kuta zinafunguliwa wiki ya kwanza, ukumbi unasubiri. Haller Park ya Bamburi, mashimo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyopandwa miti, yote ni vijia chini ya miti; ilipaswa kuwa ya kwanza kabisa. Mashua zenye kioo chini zimo katikati: hewa ipo, ila abiria wote wanainamia kioo kimoja, vichwa vinagongana. Punguza watu nusu, zitatoka. Kasino, sinema, kumbi za harusi zenye viyoyozi: mwisho.

Sasa uchague

Kama biashara yako ina uwanja, baraza au kando ya barabara pana, pigania nje kwanza, tena mwandikie anayehusika mapema kabla ya tangazo. Kama ni ya kuuza wingi kwa bei ndogo na huna nje, idadi itakuua polepole. Bora uuze vya kubeba tangu siku ya kwanza na uombe kodi ipunguzwe kuliko kukalisha kumi na wawili. Kama una vyumba vya kulala, idadi na mgeni wa ndani vinakutosha, usijisumbue na saa. Kama ni ya usiku, omba ulipwe kufungwa badala ya kufunguliwa nusu. Na atakayekuwa akipanga ratiba aache wiki mbili, bora tatu, kati ya hatua na hatua, hata kama wenye ndege wanapiga kelele.

Haya yote ni kwa ugonjwa wa hewani. Kipindupindu kikija, upepo wa bahari hautasaidia kitu. Hapo suala ni maji ya kisima na mikono ya mpishi, na wa kwanza kukaguliwa ni mimi na mbaazi zangu. Mpox huenda zaidi kwa ngozi kugusana, kwa hiyo wangetangulia kuulizwa vinyozi, wasusi na wenye masaji mahotelini, na mikahawa ingeendelea kama kawaida.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu jirani yangu kwenye simu. Nikamwambia mabenchi hayatamfaa safari hii, na hata hivyo limebaki moja, la pili limeliwa na mchwa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza hilo lililobaki nitamuuzia shilingi ngapi.